Ndala Mezani

Kapteni hakuwahi kumpiga mkewe usoni. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu watu wakisikia mwanamke anapigwa hutafuta jicho lililovimba, na wasipoliona hurudi makwao roho zimetulia. Kapteni alikuwa muongoza wageni, mtu wa kupanga mizigo, na hata ngumi zake alizipanga: mbavuni, mapajani, mgongoni pale ambapo blauzi haipandi. Alijua nguo za mkewe zinaishia wapi, na hakuwahi kuvuka hapo.

Mke mwenyewe, ambaye wapagazi walimwita Mama Stoo, siku hiyo ya maandalizi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa stoo, hema limemfunika magoti, anashona zipu iliyoachia. Alishona ameegemea upande wa kulia, maana mbavu za kushoto zilikula teke jana yake kwa kosa la vigingi vya hema kupotea. Vigingi vyenyewe vilikuwa ndani ya gari. Kapteni alivikuta asubuhi chini ya kiti, akavileta stoo, akaviweka mahali pake na hakusema kitu.

Kazi yao ilikuwa kuwapeleka watu wa mjini porini kwa miguu: kuvuka mto, kupanda mpaka kileleni, kulala kwenye mahema njia nzima na kurudi salama. Nyumba, stoo na uwanja vilikuwa ndani ya uzio mmoja. Asubuhi hiyo wageni wa safari ya kesho walikuwa wameshafika, mabegi yao yamemwagwa juu ya turubai, na Kapteni anapita katikati akiwatolea vitu visivyo na kazi porini. Alimkuta bwana harusi mmoja amebeba pasi. Pasi ya umeme, jamani. Kapteni aliinyanyua juu, akamuuliza ataichomeka kwenye mti gani, na wageni wakavunjika mbavu kwa kucheka. Mama Stoo alikisikia kicheko kile akaendelea kushona.

Walimpenda. Usidhani walikuwa wajinga, nawe ungempenda. Alikuwa mtu wa kuinama mwenyewe kumfunga mgeni kamba za kiatu, wa kukumbuka nani hali karanga na nani anaogopa vyura. Na zaidi ya hayo yote alikuwa na utaratibu wake wa meza.

Pale uwanjani palikuwa na meza ndefu ya mbao, ya kulia chakula na kukunjia mahema. Kila safari, jioni ya mwisho kabla ya kuondoka, meza ilifutwa ikabaki tupu, watu wote wakaizunguka, na Kapteni akauliza neno moja: "Kiatu?" Mwenye wasiwasi wowote alivua kiatu kimoja akakiweka mezani. Mgonjwa aliyeficha ugonjwa wake, mpagazi aliyeona kamba imelika, yeyote yule. Kiatu kikishawekwa, hakiguswi. Mwenyewe hakemewi, hachekwi, anasikilizwa mpaka amalize, na safari haitoki mpaka akiondoe kwa mkono wake. Mpishi aliwahi kuweka chake kwa sababu ya mtungi wa gesi uliokuwa unavuja, na safari ikalala mpaka ukapatikana mtungi mwingine. Utaratibu huo Kapteni aliuanzisha baada ya mpagazi mmoja kusombwa na mto. Mpagazi yule aliona maji yamepanda, akaogopa kumwambia bosi, akaingia. Kila safari Kapteni aliwasimulia wageni habari ile, sauti ikamkatika palepale inapokatika siku zote, na wageni wakafuta machozi. Hakuna mgeni aliyewahi kuuliza kwa nini mpagazi alimwogopa bosi kuliko mto.

Safari hii ilikuwa na pengo. Msaidizi wa Kapteni alikuwa ameacha kazi. Wageni waliambiwa aliteleza kwenye mwamba akateguka bega. Mwenyewe alikuja kurudisha jaketi la kazi, mkono umefungwa shingoni, akamweleza Mama Stoo ukweli akiwa amesimama mlangoni, hata kukaa hakukaa. Kambi ya mwisho, wageni wamelala, Kapteni alimpiga kwa nguzo ya hema kwa sababu chai ilichelewa. Alimpiga mpaka nguzo ikapinda.

"Huku chini kuna majirani, Mama Stoo," alisema. "Anapiga huku anakumbuka ukuta. Kule juu hakuna ukuta."

Akaenda zake. Na nafasi yake ikapewa binti.

Hapo ndipo palipomkata maini Mama Stoo. Mbavu alikwisha kuzizoea. Lakini yule alikuwa mtoto wao wa pekee, msichana aliyemaliza shule juzi tu, mrefu kama baba yake, mwenye mabega ya baba yake. Alitembea uwanjani mikono nyuma na kidevu juu, akikagua mizigo, na wapagazi wakamwita Kapteni Mdogo kwa utani. Jina lilimkaa, naye akalipenda. Kesho angepanda na baba yake, alale hema moja naye, mbali na mlango wowote ambao mama yake angeweza kuugonga. Mama Stoo alitaka kitu kimoja tu duniani siku hiyo: binti asipande.

Zipu ilikuwa karibu kuisha aliponyanyua macho. Upande ule wa uwanja, nyuma ya gari, Kapteni alikuwa anamfundisha binti fundo la kamba ya kuvukia mto. Wageni walikuwa mbele ya nyumba wakijaribu mabuti. Binti alifunga fundo, Kapteni akavuta, likateleza. Akafunga tena, likateleza tena. Kapteni alikunja ncha ya kamba mkononi, taratibu, kama mtu anayekunja mkeka, halafu akamchapa nayo shingoni. Binti aliinama, akashika shingo kwa mikono miwili.

"Unaona? Umenilazimisha," Kapteni alisema, akanyoosha kola ya shati lake. "Mgeni angekuwa ameshakufa maji."

Mama Stoo aliijua sentensi ile na aliijua kola ile. Vilifuatana kila mara, kipigo kikiisha, kama mtu anavyofunga duka na kujaribu kufuli. Sindano ilimwingia kidoleni na hakuisikia.

Alimngoja binti jikoni. Binti aliingia kuchukua maji, alama nyekundu imemzunguka shingo nusu.

"Mwanangu, kesho huendi."

"Nilikosea fundo, Mama."

"Sijauliza fundo. Nimesema huendi."

Binti alikunywa maji yote kabla ya kujibu. "Nisiende nikafanye nini? Nikae hapa nishone zipu?"

Neno lilimchoma mama, lakini alilimeza. Alipandisha blauzi upande, akamwonyesha. Ngozi ilikuwa imeiva zambarau kwa manjano, alama ya jana imelalia ya juzi. Binti aliangalia kidogo tu, akageukia sinki akaanza kusuuza glasi iliyokuwa tayari safi.

"Wewe unamchokoza," alisema. "Unajua hapendi kujibiwa mara mbili, unajibu mara mbili. Unajua anataka vitu mahali pake. Mimi nimemsoma Baba. Ukifanya kazi sawasawa hana neno na wewe."

"Mtoto wangu, nani amekufundisha maneno hayo?"

"Hakuna aliyenifundisha. Nimekua humu ndani, Mama. Nina macho."

Akatoka, mikono nyuma. Mama Stoo alibaki ameshika sinki, na nisikufiche, alimchukia binti yake kwa muda wa pumzi moja. Halafu chuki ikamgeukia mwenyewe, kwa sababu maneno yale hayakuwa mageni kwake. Yalikuwa ya kwake. Ndiyo aliyokuwa akijiambia miaka yote akilala upande mmoja.

Basi akafanya kosa la kwenda kumwomba mumewe. Alimkuta peke yake stoo, amepiga goti juu ya mfuko wa kulalia anautoa hewa ili uingie kwenye gunia lake.

"Mume wangu, nakuomba. Mwache mtoto. Mpishi anaijua njia, akusaidie yeye, chakula watasaidiana wapagazi."

"Kwa nini?" Kapteni aliuliza kwa adabu kabisa.

"Yule msaidizi wako alipita hapa."

Kapteni aliinuka, akafunga mlango. Mlango wa stoo ulikuwa mzito na mifuko ya kulalia imejazana mpaka darini. Humo ndani hata kwaya ingeimba, nje wasingesikia. Alianza na zile mbavu za jana, kwa kuwa alijua zilipo. Mama Stoo alipoinama, alimdaka kisogo akamzamisha uso kwenye rundo la mifuko, akamshindilia magoti kiunoni, moja, jingine, bila haraka, kama vile bado anatoa hewa. Mfuko ulinuka sabuni aliyoufulia mwenyewe. Mama Stoo aliuma kitambaa. Hewa ikamwishia, kichwa kikawa chepesi, akajua kwamba mkono ule ukikaa pale kidogo zaidi basi ndiyo kwaheri, na akajua pia kwamba mwenye mkono naye analijua hilo na anapima. Alipomwachia, Mama Stoo aliteleza mpaka sakafuni akakohoa kamasi na nyuzi.

"Wageni wapo nje," Kapteni alisema juu yake. "Wageni wapo nje, na bado umenilazimisha."

Kola. Mlango, akauacha wazi. Mama Stoo alimsikia akiwaelekeza maharusi namna ya kufunga buti ili vidole visiumie wakati wa kushuka. "Vidole vyako ni mali, bibi harusi," alisema, na bibi harusi akacheka.

Pale sakafuni, shavu kwenye saruji, Mama Stoo aliona mabuti ya akiba yamepangwa chini ya rafu, yote yanang'aa. Yote aliyapaka mafuta yeye. Hakuna hata moja lililokuwa lake, maana yeye hakuwahi kupanda. Wa kushona na kufua anapanda kufanya nini. Aliyaangalia mabuti yale muda mrefu. Halafu akaangalia miguu yake.

Jioni meza ikafutwa. Wageni walikuwa upande mmoja: maharusi wawili, wafanyakazi wa benki, mwalimu mstaafu na fimbo yake, na daktari wa meno, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Upande wa pili walisimama wapagazi na mpishi, na binti mkononi ana nyundo ya mbao ya kupigia vigingi, kwa sababu alikuwa bado anafunga mzigo wa mahema. Kapteni alisimama kichwani pa meza, akasimulia habari ya mpagazi na mto. Sauti ikakatika. Bibi harusi akafuta jicho.

"Kiatu?" akauliza Kapteni.

Kwa kawaida Mama Stoo hakufika mezani. Haendi, basi haulizwi. Jioni hiyo alitoka stoo akichechemea, akapita katikati ya wapagazi, akavua ndala yake ya mguu wa kulia, ndala ya bluu iliyolika kisigino, akaiweka juu ya meza.

Kapteni alitabasamu. "Ndala si kiatu, mke wangu."

Wageni wakaangua kicheko. Walidhani ni sehemu ya mchezo, kama ile pasi.

"Ndicho kiatu nilicho nacho," Mama Stoo alisema. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Safari hii si salama. Kiongozi wenu anapiga watu." Akapandisha blauzi mbele ya wote, na haya aliyokuwa nayo ikabaki kwa wenye kuangalia. "Hii ni ya jana. Hii ya leo, mkiwa hapo nje mnajaribu mabuti. Msaidizi wake hakuteleza kwenye mwamba wowote, alipigwa kwa nguzo ya hema. Na huyu mtoto amechapwa kamba leo hii. Mtazameni shingo."

Macho yote yalimgeukia binti. Binti alivuta kola ya jaketi juu.

Hilo lilimuuma Mama Stoo kuliko magoti ya stoo. Lakini ndala ilikuwa imeshakaa mezani.

"Samahanini sana," Kapteni alisema kwa upole. "Mke wangu alianguka bafuni, na tangu hapo hayuko sawa. Ni mambo ya nyumbani." Akanyoosha mkono, akaiokota ndala.

"Kapteni," mpishi alisema. Mtu huyu alikuwa amekula na kunyamaza katika uwanja ule tangu nywele zake zikiwa nyeusi. "Kapteni, haiguswi hiyo."

Kapteni aliitazama ndala mkononi mwake. Nadhani hata yeye alishtuka kuikuta pale. Watu wote walikuwa wanaitazama, na hapakuwa na namna ya kuirudisha bila kukubali kwamba ameigusa. Akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: akampiga nayo mkewe mdomoni, mbele ya wageni. Ndala haikutosha. Akaitupa, akampiga ngumi.

Kapteni asiyepiga usoni alipiga usoni. Jino la mbele lilitoka likadunda juu ya meza. Mama Stoo alianguka chali juu ya mizigo ya mahema, na Kapteni akamfuata hukohuko, akimpiga teke popote, bila mpango, akitukana kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia. Bwana harusi alijaribu kumshika mabega. Alikula kiwiko cha pua, akakaa chini na damu imejaa viganjani. Mpishi alijaribu, akasukumwa akaangukia benchi. Mama Stoo hakuwa tena anajikinga. Aliona buti likienda nyuma na kurudi, na akajiona anafikiria jambo la kijinga, kwamba buti lile alilipaka mafuta juzi.

"Baba," binti alisema. Mara moja tu.

Nyundo ya vigingi ina kichwa kikubwa kama kopo la maziwa. Binti aliizungusha kwa mikono miwili, ikampata baba yake gotini kwa upande, na goti likalia kama kuni kavu. Kapteni alianguka. Aliweka mkono chini ili ainuke, na nyundo ikashukia ule mkono. Hapo alipiga yowe, yowe la mtu asiyezoea kuumizwa, na wageni waliokuwa wamekodoa macho wakayafumba.

Binti alisimama juu yake. Hakuwa anahema wala kulia. Alihamishia nyundo mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akanyoosha kola ya jaketi lake.

"Umenilazimisha, Baba," alisema kwa upole kabisa. Halafu akaipandisha nyundo juu ya kichwa cha baba yake.

Mungu amsamehe Mama Stoo, alitaka ishuke. Tusipake rangi. Aliitaka kwa kila ubavu uliovunjika, aliitaka kwa nguvu ambayo hakujua bado anayo. Lakini aliiona ile kola. Akawa anatambaa kabla hajaamua, damu inamchuruzika kidevuni, akajitupa juu ya mwanaume aliyekuwa anamuua sasa hivi, akainua mkono. Nyundo ikaja. Mfupa wa mkono ulikatika na kila aliyekuwepo aliusikia.

"Toka, Mama."

"Sitoki."

"Mama, toka hapo." Nyundo ikapanda tena. Sasa haikujulikana iko juu ya kichwa cha nani. "Mama, usinilazimishe."

Mpishi alimkumbatia kwa nyuma akaning'inia kwenye ile nyundo kwa uzito wake wote, mpaka ikatoka mikononi.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Wapagazi walimpakia Kapteni kwenye gari la safari, goti limefungwa kati ya nguzo mbili za hema, naye analia na kuahidi kuwashtaki wote. Bwana harusi alipanda gari lilelile kwa ajili ya pua yake, na bibi harusi, aliyekosa nafasi garini, akapiga simu polisi wakutane nao hospitali. Daktari wa meno hakupanda. Alikuwa amelitafuta lile jino chini ya meza mpaka akalipata, akamwomba mpishi maziwa, akalisuuza humo, akalirudisha mahali pake kwa kidole gumba. Mama Stoo aliona nyota. Daktari alimwekea kitambaa kilichokunjwa katikati ya meno, akamfunga ule mkono kwa kipande cha turubai.

"Uma hicho kitambaa na usiseme neno," alimwambia. "Ukifungua mdomo jino linatoka. Gari likirudi tunakwenda wote hospitali."

Mama Stoo aliuma kitambaa, akakaa kwenye kigoda chake mlangoni mwa stoo. Kutoka pale aliuona uwanja wote.

Binti alikuwa amenawa mikono. Alisimama kichwani pa meza, mahali pa baba yake, na watu walikuwa wamemzunguka. Mwalimu mstaafu alimwambia ni msichana jasiri. Bibi harusi alimshika bega, akalia. Binti aliwasikiliza, kidevu juu, halafu akasema hakuna sababu ya safari kuvunjika. Njia anaijua, mpishi anaijua, itaahirishwa siku moja tu, na yeye ndiye ataongoza. Walimtazama kwa macho yaleyale waliyomtazamia baba yake asubuhi. Hata mpishi alitikisa kichwa kukubali. Waliokolewa naye, wangesemaje?

Akaanza kugawa kazi. Mahema yakunjwe upya, damu ifutwe, kamba zikaguliwe. Mpagazi mmoja, mtu mzima mwenye watoto, alikuwa bado anatetemeka na fundo lake likamteleza. Binti aliichukua kamba mkononi mwake. Akaikunja ncha, taratibu.

Hakumpiga. Alimtazama tu, ncha imekunjwa kiganjani, mpaka yule mtu mzima akarudi hatua nyuma na kuinamisha kichwa. "Funga tena," binti alimwambia. Wageni hawakuona kitu. Mama Stoo aliona.

Aliinuka. Mguu mmoja una ndala na mwingine hauna. Alivuka uwanja akiuegemea ukuta, halafu migongo ya watu, halafu meza yenyewe, akainama kwa shida iliyomtoa jasho, akaitafuta ndala ya bluu chini ya benchi ilikotupwa. Ilikuwa na damu yake. Akaiweka mezani, mbele ya binti.

Daktari alianza kuja, mkono mbele, kumkumbusha habari ya jino.

"Mama," binti alisema kwa sauti ya chini, "Baba keshaondoka. Hakuna tena wa kumwekea kiatu."

Mama Stoo alitikisa kichwa kukataa. Akanyoosha kidole cha mkono mzima, hakukielekeza lilikokwenda gari. Alimwelekezea yeye.

Binti aliitazama ndala. Uso ulimbadilika, ukawa mgumu, na mkono wake wa kulia ukatoka mgongoni, ukaja juu ya meza. Mpishi aliuona ukija akafungua mdomo, akaufunga. Vidole vilifika karibu kabisa na ndala. Mama Stoo hakuikinga. Alisimama akaungoja mkono ule kama alivyowahi kuungoja mwingine, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliogopa kwelikweli.

Mkono ulikaa pale. Halafu binti akauvuta kwake akaushika kwa ule mwingine kama kitu kilichomtoroka. Akavuta benchi kwa mguu. Akakaa.

"Sema, Mama," alisema. "Nasikiliza."

Mama Stoo alitoa kitambaa mdomoni. Daktari alisema, "Jino, mama, jino," lakini hakumzuia.

"Mara ya kwanza baba yako aliponipiga," Mama Stoo alisema, na damu ikamtoka na maneno, "wewe ulikuwa tumboni. Daktari wa kliniki akaniuliza nimefanyaje. Nikamwambia nimejikwaa."